Doti ya Joto na Vuli: Shajara ya Kutia Kanga Rangi za Majani

Agosti 17: Wazo, na kitambaa chenyewe

Mradi ni doti moja ya kanga, itakayotiwa rangi kwa mimea inayoota hapa Lowell, Massachusetts, kuanzia joto linapoanza kulegea hadi majani yatakapopukutika. Kanga ya kwanza itakuwa ya joto linaloaga: kijani kingi, manjano hapa na pale. Ya pili itakuwa vuli ya huku ikiwa imeshika: manjano tele, kijani kimebaki vipande. Mchoro ni mmoja na kila jani litakaa mahali palepale katika kanga zote mbili. Kinachobadilika ni kiasi cha kijani kitakachoondoka.

Nimeanza mwezi wa nane kwa sababu mabadiliko yenyewe yameshaanza. Unguja nilikozaliwa, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Hapa Juni mchana unazidi saa 15 na Desemba unabaki takriban saa 9, na kwenye wiki za mwezi wa tisa tunapoteza karibu dakika tatu kila siku. Mti unayahesabu hayo kabla ya mtu. Kwenye kinamasi nyuma ya shamba la jamii, tawi moja la mepo (maple) limeshakuwa jekundu huku mti mzima bado ni kijani kibichi.

Jambo lililonipa mradi huu ni namna jani linavyogeuka. Rangi ya manjano tunayoiona Oktoba haiji kutoka popote. Imo ndani ya jani tangu lilipochanua, imefunikwa na kijani. Siku zinapofupika na usiku kupoa, mti unaacha kutengeneza kijani, kilichopo kinabomoka, na manjano inabaki peke yake. Nyekundu ni habari nyingine: hiyo hutengenezwa upya, mwishoni kabisa, mchana wa jua unapofuatiwa na usiku wa baridi na sukari ikanaswa ndani ya jani. Hudhurungi ya mwaloni ni tanini, ileile inayokaza kinywa ukinywa chai ya rangi iliyokolea.

Basi nataka kitambaa kifuate utaratibu huohuo. Manjano kwanza, kanga nzima. Kijani juu yake. Kisha kijani kiondolewe.

Kitambaa ni merikani, pamba isiyopaushwa. Nimeichagua kwa makusudi. Viwanda vya pamba vya jimbo hili ndivyo vilivyovisha pwani yetu katika karne ya 19. Wafanyabiashara wa Salem, mji ulio mwendo mfupi tu kutoka hapa, walipeleka majora ya merikani Unguja wakarudi na pembe za ndovu na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ulifungwa mwaka 1833, na konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba ya kusini, merikani ikaadimika na nguo za Uingereza na Bombay zikashika soko. Kila nikipita kando ya majengo ya matofali mekundu ya viwanda vile, ambayo sasa ni makumbusho na nyumba za kupanga, nafikiri juu ya mabega yaliyovaa nguo iliyofumwa hapa.

Gharama mpaka sasa: merikani ya kutosha doti na vipande vya majaribio, dola 22. Sufuria kubwa ya chuma kisichoshika kutu kutoka duka la mitumba, dola 12. Sufuria hii haitarudi jikoni kamwe.

Agosti 24: Kufua, na mabaka

Watu wengi hudharau hatua hii. Nguo mpya ina wanga wa kiwandani uliotiwa ili nyuzi zisikatike kwenye mtambo, na pamba isiyopaushwa ina nta yake ya asili. Nilichemsha vipande vya majaribio kwa sabuni na magadi ya kufulia kwa nusu saa, nikasuuza, nikajaribu rangi. Vikatoka na mabaka: hapa manjano imekolea, pale imekataa kabisa.

Dawa yake ni muda. Doti nzima nimeichemsha saa mbili, kijiko kikubwa cha magadi kwa kila lita kumi, sabuni isiyo na manukato, kisha nikamwaga na kurudia. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai nzito, ya pili yakawa kama yalivyoingia. Kipimo ninachokiamini ni tone la maji juu ya kitambaa kikavu: likinyonywa papo hapo, endelea, likisimama juu, rudi jikoni.

Doti baada ya kukauka ina gramu 520. Vipimo vyote vya mbele vinatokana na uzito huu, kwa hiyo usiukadirie kwa macho.

Magadi na sabuni: dola 7.

Agosti 30: Msumaki na shabu

Pamba haishiki rangi ya mimea hivihivi. Sufu na hariri ni nyuzi za mnyama, zinashika kirahisi. Pamba inataka kwanza tanini, halafu shabu.

Tanini nimeipata kwenye majani ya msumaki, kichaka chenye vikonyo vya manyoya kinachoota kila penye uwazi. Wakati ndio kila kitu hapa. Majani yachumwe yakiwa kijani, kabla hayajageuka, na msumaki ni kati ya mimea ya mwanzo kugeuka. Nimechuma kwenye ukingo wa shamba la jamii kwa ruhusa ya wenye shamba. Kando ya reli sikuchuma, maana hunyunyiziwa sumu ya magugu, na ndani ya maeneo ya hifadhi usichume hata jani.

Gramu 260 za majani makavu, maji moto yasiyotokota, saa moja, chuja, loweka nguo usiku kucha. Asubuhi merikani imekuwa na rangi ya pembe ya ndovu.

Shabu ni ileile inayouzwa madukani kwetu, ya kutulizia maji na kupaka baada ya kunyoa. Gramu 78, yaani asilimia 15 ya uzito wa nguo, ikiyeyushwa kwenye maji moto. Magadi gramu 10 kwenye chombo kingine. Ukiyachanganya yanafura povu. Chombo kiwe kikubwa kuliko unavyodhani na magadi yamiminwe kidogo kidogo. Povu likitulia, nguo inaingia.

Siku hiyohiyo nimebandika dirishani majaribio ya jua: vipande vilivyotiwa rangi za mimea tofauti, nusu ya kila kimoja imefunikwa kwa kadibodi. Kuna solidago, ua la manjano la porini, majani mekundu ya mepo, zabibu mwitu na fitolaka, ule mmea wa vikonyo vyekundu wenye matunda meusi. Fitolaka ni sumu, wenye watoto wasiiingize ndani. Lakini rangi iliyotoa! Zambarau inayowaka, ambayo ningeifanya pindo bila kufikiri mara mbili. Tusubiri jua liseme.

Shabu: dola 9.

Septemba 7: Manjano

Solidago imechanua kila mahali: kando ya mto Merrimack, nyuma ya maegesho, kwenye viwanja vilivyoachwa. Mashada ya maua madogo ya manjano, kimo cha kiuno, nyuki wamejaa. Watu hulilaumu ua hili kwa mafua ya msimu, lakini chavua yake ni nzito na hubebwa na wadudu. Kinachopeperuka na kuwasha pua ni ambrosia, gugu la kijani lisilotazamwa na mtu, ambalo huchanua wakati huohuo.

Kwenye vipande nilijaribu mashada ya hatua tatu. Yaliyo karibu kufunguka na yaliyofunguka jana yalitoa manjano safi. Yaliyoanza kufifia yalitoa rangi ya mchanga. Kwa hiyo dirisha lake ni jembamba, wiki mbili hivi, na ukichelewa hakuna shabu itakayokuokoa.

Kilo moja na zaidi ya mashada mabichi, saa moja kwenye moto mdogo, chuja, nguo ndani kwa saa moja nyingine huku ukigeuza. Usiache yatokote, rangi huchafuka. Kanga zote mbili zimeingia sufuria moja ili zitoke sawa.

Nilizianika kivulini jioni. Manjano yake si ya limau wala ya bizari. Ni ile inayoonekana kwenye jani la mbetula (birch) ukilitazama kwa nyuma, jua likiwa mbele yako. Nimekausha mashada mengine na kuyahifadhi kwenye mfuko wa karatasi, kama akiba.

Septemba 22: Kijani kinakubali, uji unakataa

Mlingano wa usiku na mchana huangukia tarehe 22 au 23, nikaona ni siku nzuri ya kuingia hatua ya kijani.

Kijani hapa kinatokana na chuma. Manjano ya solidago juu ya tanini, ikikutana na chuma, hugeuka zeituni. Gramu 10 za salfeti ya chuma kwa doti nzima, asilimia 2 tu ya uzito. Usishawishike kuongeza, maana chuma kikizidi hula pamba na nguo itachanika baada ya miaka michache. Anayetaka anaweza kuloweka misumari yenye kutu kwenye siki, ila hapo hujui una kiasi gani.

Mpango wangu ulikuwa kuchora majani kwa uji mzito wa unga wa ngano, ukauke, kisha kitambaa kizame kwenye maji ya chuma. Palipo na uji pangebaki manjano. Kwenye kipande cha majaribio uji ulikauka ukapasuka, chuma kikapenya kwenye nyufa, na majani yakatoka na mishipa myeusi isiyo na mpangilio. Jaribio lililofuata, uji mzito zaidi, ulibanduka kabisa ndani ya maji. Nikaongeza udongo laini kwenye uji. Ukashika vizuri, lakini kingo za majani zikawa na ukungu wa kijivu.

Kikwazo hakikuwa uji peke yake. Nilipoutazama mchoro uliokubali nikaona nimefanya kinyume cha wazo langu. Uji unazuia kijani kisifike. Jani halizuii kijani. Jani linakuwa kijani lote, halafu linakiachia.

Septemba 25: Simu

Nimempigia mama mdogo anayekaa mtaa wa Ng'ambo, Unguja mjini, ambaye ameshona nguo maisha yake yote. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza kwamba nataka kutoa rangi ya chuma kwenye nguo bila kuidhuru rangi iliyo chini.

"Chuma si ndiyo kutu, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Kanzu ya baba yako ikishika kutu tulikuwa tunafanyaje? Tia ndimu na chumvi, anika juani. Kutu haiogopi sabuni, inaogopa ndimu."

Hapo ndipo mradi ulipofunguka. Tindikali ya ndimu hushika chuma na kukiondoa kwenye uzi. Wanawake wa Mali wanaotengeneza bogolan wamefanya jambo linalokaribiana na hili tangu zamani: wanatia kitambaa manjano kwa majani yenye tanini, wanapaka tope lenye chuma, na tope hilo linageuka jeusi palipo na tanini. Nao wana dawa yao ya kurudisha weupe wa mchoro. Maarifa ya chuma na tanini ni ya watu wengi, na nimefurahi kwamba sehemu yangu nimeipata nyumbani.

Septemba 28: Ndimu, na hukumu ya dirishani

Maji ya ndimu matupu juu ya kipande cha zeituni: kijani kimeanza kuondoka mbele ya macho yangu. Nimeinama juu ya meza nikakitazama kipande kile. Kwanza unyevu mweusi, kisha katikati ya unyevu doa la kahawia, kisha doa linachanuka polepole kuelekea kingo, na manjano inapanda kutoka chini. Ndani ya dakika chache jani lilikuwepo.

Tatizo ni kutapakaa. Ndimu inasambaa kwenye nyuzi, herufi zinavimba, majani yanapoteza ncha. Nilipika wanga wa muhogo ukawa kama gundi, nikauacha upoe kabisa, ndipo nikatia tindikali ya ndimu ya unga, kijiko kimoja cha chai kwa nusu kikombe. Ukiitia wanga ungali moto, tindikali inauvunja na unakuwa majimaji tena. Ukipoa, unashika. Kingo sasa ni safi kiasi cha kuandika herufi zenye upana wa kidole.

Vipande vya dirishani nimevibandua leo. Fitolaka imekufa: upande wa jua ni rangi ya karatasi kuukuu, na hata uliofunikwa umepauka. Zabibu mwitu imekuwa kijivu. Jani jekundu la mepo, ambalo watu husafiri kuja jimbo hili kulitazama, limeacha rangi ya mchanga na hiyo nayo inaondoka. Nyekundu ile huyeyuka kwenye maji, haina mkono wa kushika pamba wala uvumilivu wa jua. Solidago imefifia kidogo tu. Kipande nilichokiongeza baadaye, cha ganda la jozi, hakijatikisika hata kidogo.

Kwa hiyo doti hii haitakuwa na nyekundu. Imeniuma, maana kanga bila nyekundu machoni pa watu wetu ni kanga iliyopungukiwa. Kisutu cha bibi harusi chenyewe ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Lakini kutia rangi ninayojua itakimbia, halafu nimpe mtu aivae, hilo siwezi.

Tindikali ya ndimu na wanga: dola 6. Salfeti ya chuma: dola 6.

Oktoba 5: Pindo la jozi

Jozi nyeusi zimeanza kudondoka. Ni tunda la kijani lenye ukubwa wa ndimu kubwa, linaloanguka kwa kishindo kwenye paa za magari. Rangi iko kwenye ganda la nje lenye nyama. Haihitaji shabu wala tanini: inashika pamba, inashika meza, inashika ngozi ya mikono mpaka ngozi yenyewe ibadilike. Vaa glavu nzima, zisizotoboka.

Maganda mengi yana funza weupe ndani. Hawaharibu rangi, na ganda lililokwisha kuwa jeusi kwa kuoza ndilo linalotoa hudhurungi nzito kuliko lililo bichi. Loweka ndoo nzima siku kadhaa, chemsha saa mbili, chuja kwa kitambaa. Maji yaliyobaki usimwage kwenye bustani, kwa sababu mjozi una sumu inayodumaza mimea mingine na nyanya ni za kwanza kufa.

Pindo lilinisumbua kuliko majani. Kanga inataka pindo pande zote nne, lenye ukingo ulionyooka kuelekea mji, yaani sehemu ya kati ya kanga. Nilikunja kipande na kuchovya ukingo: rangi ikapanda nyuzi kwa nyuzi, ikavuka mstari na kuingia katikati. Nikabana kwa mbao mbili na vibanio: imezuiwa katikati ya ubao, imepenya kwenye pembe.

Kilichofaa ni sindano. Nimeshona mshono wa mkono kuzunguka mji wote, mishono midogo, uzi mara mbili, nikauvuta mpaka kitambaa kikajikunja na kukaza, kisha nikaufunga mji ndani ya mfuko wa plastiki na kuukaza kwa kamba. Pindo pekee likabaki nje na kuingia sufuriani. Kushona kunakula jioni nyingi. Ukikata uzi na kufungua, mstari una meno madogo madogo kila palipopita sindano, nami nimeyapenda kuliko mstari ulionyooka niliokuwa nautaka.

Oktoba 12: Kanga ya kwanza

Usiku wa kuamkia jana jalidi la kwanza limeanguka. Nyasi zilikuwa nyeupe mpaka saa mbili asubuhi, na mimea iliyobaki kwenye shamba la jamii imelala chini.

Maji ya chuma, dakika kumi tu, huku nikigeuza bila kuacha. Mji ukawa zeituni. Pindo la jozi, kwa kuwa lina tanini yake, likakaribia weusi. Nimesuuza, nimekausha, nimepiga pasi.

Majani nimeyakata kwenye karatasi ya plastiki ngumu: mepo, mwaloni, mbetula. Jina nimelikata kwa herufi kubwa: KILA MAJIRA NA VAZI LAKE. Kisanduku cha jina kinakaa chini ya mji, juu ya pindo la chini, kama ilivyo desturi. Kwenye kanga hii majani machache yamepigwa ndimu, mengi yakiwa upande mmoja wa juu, kama vile tawi lile la kinamasini lilivyotangulia wenzake.

Jambo la kuangaliwa: wanga wa ndimu usikauke kabisa juu ya nguo. Ukikauka, kazi inasimama, na ukija kuufua tindikali iliyokolea inaacha duara hafifu. Mimi nafunika kwa plastiki, nachungulia kila baada ya dakika tano, nikiona manjano imefika ninapotaka naiosha sehemu hiyo mara moja chini ya bomba.

Oktoba 19: Kanga ya pili, na neno la mama mdogo

Nilimtumia picha ya kanga ya kwanza. Akasifu jina, akasifu pindo, akauliza pacha wake yuko wapi. Nilipomwambia kwamba ya pili itakuwa manjano akanyamaza, kisha akasema: "Doti ni pacha, mwanangu. Ukijifunga moja na kujitanda nyingine, watu wataona umeazima."

Ana haki. Doti hukatwa katika jora moja, mchoro mmoja. Nimemjibu kwamba hizi ni mimba moja: sufuria moja ya manjano, maji yaleyale ya chuma, majani mahali palepale. Ukizilaza moja juu ya nyingine, kila jani linalala juu ya mwenzake. Amesema ataamua akizishika.

Kulikuwa na njia nyepesi. Kwa kuwa kanga ya pili ina kijani kidogo, ningeweza kuipaka chuma kwa brashi mahali kinapotakiwa tu na kuacha mengine. Nimekataa. Imeingia kwenye chuma nzima, imekuwa zeituni nzima kama dada yake, ndipo nikakiondoa kijani. Anayeitazama kwa karibu atakiona: ndani ya manjano kuna kivuli cha kijani kilichokuwepo, kwenye kona za nyuzi, na manjano iliyopakwa moja kwa moja haina kivuli hicho.

Ugumu ulikuja kwenye ukubwa. Jani moja unaliosha kirahisi, lakini karibu mji mzima ukiwa umejaa ndimu, kuosha hakutoshi. Manjano ilianza vizuri ikaendelea kupauka hata baada ya kusuuza, kwa sababu tindikali iliyobaki ilikuwa inakula na shabu pia. Nilikoroga chokaa laini ya kalsiamu kaboneti kwenye ndoo, vijiko viwili vya chakula, nikazamisha kanga humo. Kupauka kukasimama. Kisha nikachemsha yale mashada makavu ya akiba na kuizamisha kwa muda mfupi tu, kwani ikikaa sana vipande vya kijani hutoa chuma ndani ya maji na manjano huchafuka. Imerudi, imekolea kuliko mwanzo.

Kama ningekuwa nashauri mtu, ningemwambia apige ndimu sehemu kwa sehemu, robo ya mji kwa wakati mmoja, na ndoo ya chokaa iwe tayari pembeni kabla hajaanza.

Chokaa: dola 5.

Novemba 2: Hesabu na yaliyobaki

Miti ya mepo imebaki mifupa. Mialoni bado imeshikilia majani yake ya hudhurungi, na mingine itakaa nayo mpaka baridi ikolee. Rangi ya pindo langu sasa ndiyo rangi ya barabara nzima.

Jumla ya fedha ni dola 67, pamoja na merikani iliyoliwa na majaribio. Sufuria, shabu na chuma kilichobaki vitatosha doti nyingine, kwa hiyo ya pili haitazidi dola 30. Saa za kazi sikuziweka kwenye hesabu. Anayetaka kuuza aziweke.

Kanga zimefuliwa kwa maji baridi na sabuni laini na kuanikwa kivulini. Zeituni imetoa rangi kidogo safari ya kwanza, baadaye maji yametoka safi. Merikani ni nzito kuliko kanga ya dukani. Inashuka vizuri ikifungwa kiunoni, ila kujitanda kichwani kunachosha. Doti ijayo nitatafuta pamba nyembamba zaidi.

Anayetaka kufuata mwaka ujao afue nguo mapema Agosti na kuchuma msumaki kabla haujawa mwekundu. Mashada ya solidago akaushe mengi kuliko anavyodhani atahitaji. Maganda ya jozi yanahifadhika kwenye ndoo yenye kifuniko mpaka apate nafasi.

Kuhusu nyekundu, nimeagiza mbegu za rubia, mmea ambao rangi yake inakaa kwenye mizizi na huvumilia jua na maji. Zitaoteshwa ndani mwezi wa tatu na kuhamishiwa shambani ardhi ikipata joto. Mizizi huchimbwa ikiwa na miaka mitatu, wakati wa vuli. Kiasi kidogo cha unga wake ninaweza kununua kabla ya hapo kwa ajili ya vipande vya majaribio, na nitaandika hapa kama nyekundu ya rubia inavumilia ndimu. Hilo ndilo linalohitaji kujulikana kabla sijaichorea pindo.

Doti imefungwa, inasafiri na jirani anayekwenda Unguja mwezi ujao. Hukumu ya mama mdogo nitaiongeza ikifika.